Ukisafiri, Deni Linabaki Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya mtu anayedaiwa mkopo wa masomo, naye anasafiri ng'ambo kwa miezi michache.

Pengine mzee mmoja darasani atasema, "Jambo hili lanihusu nini? Mimi sikufika chuo kikuu." Lakini wengi wenu mna watoto waliosoma kwa mkopo, na baadhi yenu mlitia sahihi au dole gumba katika fomu zao mkiwa wadhamini. Mkopaji asipoonekana, mdhamini ndiye aulizwaye. Basi tusikilize sote.

Hapa Tanzania mikopo hiyo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha zake si zawadi. Hurudishwa ili vijana wengine nao wasome. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mwajiri ndiye anayekata na kuipelekea Bodi.

Sasa chukueni kalamu. Kijana wetu analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ni shilingi 120,000. Amepata nafasi ya kujifunza India kwa miezi minne. Je, deni lake litakuwaje?

Kwanza amwulize mwajiri: je, nitaendelea kulipwa mshahara? Kama ndiyo, makato yataendelea, na kazi yake ni kutazama hati ya mshahara kila mwezi aone kwamba fedha zimekatwa. Lakini kama amepewa likizo bila malipo, hakuna mshahara, na pasipo mshahara hakuna makato. Hapo ndipo wengi hukosea. Huona kimya, wakadhani wamesamehewa. Makato yamesimama, deni halikusimama. Miezi minne mara 120,000 ni shilingi 480,000.

Afanyeje? Kama anajua safari miezi sita mbele, na aweke akiba shilingi 80,000 kila mwezi. Siku ya kuondoka atakuwa na 480,000 kamili. Yafaa alipe kabla ya kuondoka, maana kutuma fedha kutoka ng'ambo kuna ada, na kubadilisha fedha za kigeni kuna hasara yake.

Tena aiandikie Bodi barua, ataje tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na abaki na nakala. Aombe taarifa ya deni lake, ajue kiasi kilichobaki. Aombe pia namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa namba hiyo hata ndugu aliye nyumbani aweza kumlipia benki au kwa simu. Stakabadhi zote zitunzwe pamoja. Lakini namba ya siri asimpe mtu yeyote.

Asisahau simu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumiwa hufungwa, na habari za deni zitampita. Na aache anwani yake mpya kwa mdhamini.

Aliye bado chuoni naye, kabla ya kwenda ng'ambo, aende kwenye dawati la mikopo la chuo chake, aulize fedha za muhula huo atazipokeaje.

Nanyi wazazi, msione haya kumwuliza mtoto, "Mwanangu, deni umelipangaje?" Mliweka jina lenu, mnayo haki ya kujua. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini anayepanga mapema hulipa bila kilio.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini makato husimama mtu akiwa katika likizo bila malipo?
2. Mshahara wa msingi ni shilingi 600,000. Asilimia 15 ni ngapi? Kwa miezi mitatu je?
3. Andikeni barua fupi kwa Bodi kuarifu safari.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.