Amplifaya ya Gitaa Yenye Kompyuta Ndani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: umeme, kiungo, programu.

Amplifaya ni chombo cha kukuza sauti ya gitaa. Za zamani zilitumia vali, yaani taa za kioo zinazowaka ndani, na nyingine hutumia vali mpaka leo. Vali ikifa, fundi huitoa akatia nyingine.

Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa AxSys 212, amplifaya yenye kompyuta ndani. Sauti ya gitaa hugeuzwa kuwa tarakimu. Kompyuta huzifanyia hesabu tarakimu hizo, kisha huzigeuza kuwa sauti tena. Hivyo sanduku moja huweza kuiga amplifaya nyingi. Siku hizi makampuni mengi hutengeneza vyombo vya namna hiyo.

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Chombo hiki huharibika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120. Tazama kibandiko nyuma ya amplifaya. Kikisema 100–240V, chomeka. Kikisema 120V tu, usichomeke ukutani, kwa maana itaungua. Tafuta kwanza transfoma ya kushusha umeme. Hapo ndipo mtu ajuaye kusoma anapookoa fedha zilizochangwa na kikundi kizima.

Ya pili ni viungo. Spika na kompyuta hukaa katika sanduku moja. Spika ikinguruma, kila kitu hutikisika. Tundu la waya wa gitaa mara nyingi limechomelewa kwenye bodi. Waya ukivutwavutwa, kiungo hupata ufa. Dalili yake ni sauti inayokatika na kurudi. Joto na vumbi huongeza ubovu huo. Kwa hiyo acha nafasi nyuma ya amplifaya ipate hewa, na ukiisafirisha garini, itandikie blanketi.

Ya tatu ni programu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta. Taa huwaka, lakini vitufe havisikii. Ubovu huu huweza kutokea umeme ukikatika wakati programu mpya inaingizwa. Usiingize programu siku ya dansi. Amplifaya nyingi zina njia ya kurudisha hali ya kiwandani. Isome katika kijitabu chake. Lakini kwanza andika mipango yako ya sauti daftarini, kwani huenda ikafutika.

Amplifaya ikinyamaza, usikimbilie kuifungua. Jaribu soketi nyingine, kisha waya mwingine wa gitaa, kisha gitaa jingine. Ikiwa fyuzi iko nje, chomoa umeme kabla ya kuitazama, na utie fyuzi ya kipimo kile kile. Usitie karatasi ya sigara wala kipande cha waya, kwani huleta moto. Ndani mwa sanduku mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, na umeme huo huweza kuua. Kazi ya ndani ni ya fundi.

Na fundi naye ana shida yake. Vali hununuliwa dukani, lakini chipu iliyotiwa programu kiwandani ni vigumu kuipata, hasa kampuni ikiacha kuitengeneza. Kwa hiyo, kabla ya kununua iliyotumika, ipige kwa saa moja mpaka ipate joto. Na kikundi kinachopiga kila wiki kiwe na amplifaya ndogo ya akiba, ili riziki isikatike.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kibandiko cha 120V kinatuonya nini?
2. Sauti inayokatika na kurudi ni dalili ya nini?
3. Kwa nini tusifungue sanduku wenyewe?

Someni vema. Kwaherini.