Taa ya Ushirika na Jirani Aliye Gizani

Tunapozungumza juu ya haki tusiisahau taa. Mwaka 1994 wananchi wa Urambo, mkoani Tabora, walianza kujipatia umeme kwa chama chao wenyewe cha ushirika. Ulitoka katika mitambo ya dizeli, tena kwa saa chache za jioni tu. Kila uniti waliilipia zaidi, tena zaidi sana, kuliko mteja wa TANESCO mjini. Hata hivyo walilipa. Nasi hatushangai: mlipaji ndiye aliyekuwa mwenye chama, na viongozi waliotunza fedha zake walitoka miongoni mwao.

Lakini tusijidanganye. Mkulima asiyeweza kulipa kiingilio na kufunga nyaya nyumbani mwake hubaki gizani, hata kama nguzo imesimama mlangoni pake. Basi tunawauliza ninyi, viongozi wa walei mlio wanachama wa vyama vya ushirika: ombi la kiingilio kulipwa kidogo kidogo litaletwa na nani katika mkutano mkuu, ikiwa wenye taa peke yao ndio wenye kura?