MTAALAMU AJE, KALAMU IBAKI KWETU
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Tangawizi yetu ya Mamba na Myamba inatafutwa, lakini mnunuzi wa mbali hajui tuna magunia mangapi wala bei yake. Ndiyo maana tunamwita mtaalamu atuanzishie tangazo la biashara, libandikwe hapa na kule Same mjini.

Tukumbuke lakini. Mwaka juzi tulimlipa mtu fedha zote mapema. Akaandika mara moja tu, akaenda zake. Ubao ukabaki na buibui.

Safari hii, kwanza mapatano yaandikwe: nusu akianza, nusu akimaliza. Pili, awafundishe vijana wetu wawili, mmoja wa kike. Tatu, kila wiki tuandike bei, magunia na siku ya gari, na iwe kweli tupu. Bei ya uongo hufukuza mnunuzi.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nami nilisoma ukubwani. Mwalimu hakunishikia chaki, niliishika mwenyewe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu, siku ya tatu atupe sisi jembe!

Ushirika oyee!