Uonevu Usioacha Jeraha



Mzazi wa hapa Rubona hutujia pindi mtoto anaporudi nyumbani na jeraha. Ni vyema. Hata hivyo, uonevu mwingi baina ya watoto hauachi jeraha, na huo ndio tulioujia leo.

Upo uonevu wa mwili: kupiga, kusukuma, kunyang'anya kalamu au fedha ya maandazi. Upo wa maneno, na kwetu mpakani mara nyingi huanzia kwenye lafudhi. Mtoto aliyelelewa Goma, akichekwa kila anapojaribu Kinyarwanda, mwishowe hunyamaza hata darasani. Upo wa kutengwa: wenzake wanacheza ufukweni, naye akikaribia wote wanaondoka. Upo pia wa simu: picha yake husambazwa kikundini, na aibu humfuata mpaka kitandani.

Tusiupime uonevu kwa kicheko. Utani ni wa pande mbili, nao hukoma mmoja anapoumia. Uonevu hurudiwa, na mwenye nguvu humwandama asiyeweza kujitetea. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mtoto akiumwa tumbo kila asubuhi ya shule, akikwepa njia aliyoizoea, au vitu vyake vikipotea mara kwa mara, tusimwambie akapigane. Tumsikilize kwanza.

Wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kumfunga mtoto wa jirani. Nchini Rwanda umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 14; aliye chini ya hapo hashitakiwi. Sheria Na. 71/2018 ya ulinzi wa mtoto inawalinda watoto wote wawili, kwani anayeonea naye huhitaji kurekebishwa, na huenda yeye mwenyewe anaonewa kwingine.

Tuanze kwa mwalimu, kisha kwa Inshuti z'Umuryango, yule mwanamume na yule mwanamke wa umudugudu wetu, au tupige 116 bila malipo. Pakiwa na kipigo kikali au unyanyasaji wa kingono, tusisuluhishane kimyakimya; njooni polisi siku hiyohiyo.

Jioni ya leo, kabla ya kumwuliza mtoto amepata alama ngapi, tumwulize amecheza na nani.