Kushona Nyumbani, Kuuza Mbali

(Mazungumzo yaliyotolewa na mjumbe wa chama cha akina mama washonaji mbele ya mkutano wa wajumbe wa vyama wanachama)



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nieleze jinsi mtu anavyoweza kushona nguo za watoto wachanga nyumbani kwake na kuziuza kwa njia ya mtandao. Nitafanya hivyo kadiri ya uwezo wangu. Lakini naomba ruhusa nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nimejifunza zaidi katika kosa hilo kuliko katika faida zote nilizopata baadaye.

Miaka michache iliyopita nilishona kofia za watoto kwa vipande vya kitenge. Mbele ya kila kofia nikatia kifungo chekundu kwa ajili ya pambo tu. Kofia zilipendeza kwelikweli. Nikazipiga picha, nikazitangaza kwa simu, na katika muda wa majuma matatu nikawa nimeuza kofia 14. Kisha asubuhi moja mama mmoja akanipelekea picha mbili: ya kwanza ni ya kofia isiyo na kifungo, na ya pili ni ya kifungo chenyewe kikiwa katika kiganja chake. Alikuwa amekitoa kinywani mwa mwanawe wa miezi saba. Mtoto hakudhurika. Mama yule hakunitukana wala hakudai fedha zake. Aliniuliza neno moja tu: «Wengine umekwisha waambia?»

Ndugu Wajumbe, sikuwa na jibu. Daftari langu la wakati ule liliandikwa fedha zilizoingia na siku zilipoingia, basi. Wateja wenyewe walikuwa ndani ya simu, nami nilikuwa nimewaandika kwa namna ya ajabu; «Mama wa Mwanza» walikuwa watatu. Nilipiga simu siku mbili mfululizo. Kati ya wale 14 niliwapata 9, nao wakavikata vifungo. Watano waliobaki sijawapata hata leo. Mtu akiniuliza kwa nini nasisitiza daftari kuliko cherehani, jibu langu ni wale watano.

Tangu siku ile kila oda huandikwa katika daftari la karatasi: jina kamili la mnunuzi, namba yake ya simu, mji wake, aina ya nguo, jora ambalo kitambaa chake kilikatwa, na tarehe. Nasema daftari la karatasi kwa makusudi. Simu huibwa, huanguka majini, na watoto huichezea.

Nirudi kwenye kifungo. Huko Marekani iko kanuni ya vitu vya kuchezea watoto walio chini ya miaka mitatu: kipande kinachoingia kizima katika mwanzi wenye upana wa milimita 31.7 huhesabiwa kuwa ni cha hatari, kwa sababu chaweza kumkaba mtoto. Katika kanuni ile nguo na vifungo vyake vimesamehewa. Mimi sikuona sababu ya kuzisamehe kofia zangu, maana mtoto wa miezi saba hajui kutofautisha nguo na kitu cha kuchezea. Vyote huvitia mdomoni. Kwa hiyo pambo siku hizi nalishona kwa uzi juu ya kitambaa chenyewe, na penye haja ya kufunga natumia vifundo vya kitambaa au lastiki pana. Kamba za shingoni nimeziacha kabisa. Hata viwanda vikubwa vya Marekani vilishauriwa tangu 1996 kuziondoa kamba za kofia na shingo katika nguo za watoto, baada ya kamba hizo kunasa na kuwanyonga watoto.

Jambo la mito ni zito zaidi, maana hapa twagombana na mapenzi ya mzazi. Mama mjamzito hutaka seti kamili: shuka, mto mdogo, na ile mito mirefu ya kuzungushia pande zote za kitanda. Ni kazi yenye faida, na picha yake huvutia kuliko nyingine zote. Lakini madaktari wa watoto hushauri kwamba mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, pasipo mto wala kitu chochote laini karibu na uso wake. Mwaka 2022 Marekani ilipiga marufuku kwa sheria kuuza mito ile ya kuzungushia vitanda vya watoto, kwa kuwa watoto walikuwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa na seti sita zilizokwisha shonwa. Nilizifumua, nikafanya mablanketi ya kumfunikia mtoto akiwa amebebwa. Wateja wangali wanaiomba, nami naikataa. Wengine huenda kwa jirani yangu, naye huwashonea. Nitalirudia jambo hili, kwani ndiko ushirika unakoingia.

Kuhusu kitambaa nitasema kidogo, kwa maana humu ndani wamo mafundi wanaonishinda. Ngozi ya mtoto yataka pamba tupu: flana, melimeli, khanga nzuri iliyofuliwa mpaka wanga wake ukaisha. Muuzaji wa dukani atakwambia kila kitu ni pamba. Omba nyuzi mbili tatu za pembeni uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kisha, kabla ya kukata jora zima, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, ukifue kwa maji ya moto, ukianike, ukipime tena. Kikirudi na sentimita 28 na nusu, kitambaa hicho hupungua kwa asilimia 5, na nguo iliyomtosha mtoto dukani haitamwingia baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kipande hicho hicho ukikifua pamoja na kitambaa cheupe utajua kama rangi yake hutoka. Vipimo navyo visikisiwe. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa leo huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi. Akifika miezi sita ni 43, na mwaka mmoja ni 46. Anayemuuzia mzazi wa mbali kofia «ya mtoto mdogo» bila ya kutaja sentimita, ajiandae kurudishiwa.

Sasa nije kwenye bei, mahali ambapo wengi wetu twafanya kazi ya sadaka bila ya kujijua. Nitawasomea hesabu yangu ya zamani ya seti moja ya kofia, kitambaa cha mate na blanketi dogo. Niliiuza kwa shilingi 8,000. Kitambaa kilikuwa shilingi 4,000, uzi na lastiki shilingi 700. Nikajipongeza kwa faida ya shilingi 3,300. Mwaka uliofuata nikahudhuria mafunzo ya utunzaji wa hesabu, na mwalimu akanitaka niandike kila kitu. Mfuko na lebo 500. Umeme wa cherehani na pasi 200. Vifurushi vya simu 600. Makato ya kutoa fedha 400. Akiba ya matengenezo ya cherehani 350. Halafu akaniuliza nashona seti kwa saa ngapi. Nikasema saa mbili na nusu. Akaniuliza tena, fundi wa kuajiriwa ningemlipa kiasi gani kwa saa? Tukakubaliana shilingi 1,500, yaani shilingi 3,750 kwa seti. Jumla ikawa shilingi 10,500. Kumbe kila seti niliyoiuza kwa furaha ilinipotezea shilingi 2,500, na iliyokuwa ikifidia pengo hilo ni mikono yangu usiku, watoto wakiwa wamelala.

Mtaniambia kwamba mteja hatalipa zaidi, kwani sokoni nguo za mitumba ni rahisi. Ni kweli. Lakini anayenunua mtumba si mteja wetu, na tukimkimbilia kwa kupunguza bei tutafilisika tungali tunakimbia. Mteja wetu ni shangazi anayempelekea wifi yake zawadi, ni wafanyakazi wa ofisi moja waliochangiana kwa ajili ya mwenzao aliyejifungua. Hao hununua zawadi. Nilipopandisha bei hadi shilingi 13,000 na kuongeza herufi za jina la mtoto zilizotariziwa, walipungua kwa muda, kisha wakarudi.

Katika kuuza, picha ipigwe mchana karibu na dirisha, juu ya shuka nyeupe, na rangi isichezewe. Mimi situmii picha za watoto wa wateja hata wakiniletea wenyewe, isipokuwa kwa ruhusa ya maandishi. Maelezo yataje kipimo, aina ya kitambaa, namna ya kukifua na siku za kungoja. Mzigo wa mkoani huenda kwa basi. Piga picha ya risiti ya mzigo na kumpelekea mnunuzi papo hapo, ili asiwe na shaka nawe usiwe na kesi.

Malipo kwa simu yameturahisishia sana. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka 2008, na pasipo hiyo mshonaji wa kijijini asingeweza kumuuzia mtu wa mji wa mbali. Walakini wezi nao wamejifunza. Hutunga ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kampuni ya simu, kisha hukuhimiza kwa kelele kwamba dereva wa bodaboda yuko mlangoni. Msiamini ujumbe, tazameni salio. Na yeyote anayedai «amekosea kutuma, umrudishie», angoje kampuni yenyewe ishughulikie.

Sasa Ndugu Mwenyekiti, nije kwenye hoja iliyonileta. Chama chetu kina washonaji 22. Mwanzoni kila mmoja aliuza peke yake, na tukawa twashindana kwa bei katika mtaa mmoja. Baadaye tukafungua ukurasa mmoja wa Instagram wa chama. Tulimwachia kijana mmoja aufungue, naye akaufungua kwa namba yake binafsi. Alipopata kazi mahali pengine akaondoka nayo, na ukurasa ukaenda pamoja naye. Wateja wa miaka miwili tukawapoteza siku moja. Simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ilikuwa mali ya chama, kwa sababu hata sisi wenyewe hatukuwa tumefikiri hivyo. Hati ya kiwanja tuliifungia sandukuni, lakini ufunguo wa duka letu tuliuacha mfukoni mwa mtu.

Ukurasa wa pili tuliufungua kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la chama. Namba ya siri yajulikana na watu wawili, Katibu na Mhazini, na kila inapobadilishwa huandikwa na kufungiwa pamoja na vitabu. Kila mshonaji ana namba yake, kuanzia 1 hadi 22, nayo hushonwa ndani ya lebo. Hivyo nguo yenye hitilafu hurudi kwa aliyeishona, na nguo yenye sifa kadhalika. Oda hugawiwa kwa zamu. Mteja akitaka mshonaji fulani kwa namba, hupewa. Chama hukata asilimia 10. Kitambaa twanunua kwa jora na kugawana, badala ya kila mmoja kununua mita mbili kwa bei ya rejareja. Sitaficha kwamba zamu imeleta manung'uniko. Wako wenye mkono mwepesi wanaoona kwamba wanawabeba wazito, na katika hilo wana haki kiasi, bado tunalijadili.

Wakati wa kugawa kazi ndipo lile suala la mito lilipozuka. Mwanachama mmoja alipokea oda ya seti kumi za mito ya kuzungushia vitanda, fedha taslimu mkononi. Tukaitisha mkutano. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: alisema watoto wake mwenyewe walilalia mito na wote wako hai, na kwamba karo ya shule haingoji. Nikawasimulia habari ya kifungo, ambayo hadi siku ile sikuwa nimemwambia mtu. Kura zikapigwa: 15 walikataa, 7 waliunga mkono. Oda ikarudishwa, na chama kikampa mwanachama yule kazi ya shuka iliyokuwa zamu ya wengine, ili asiumie peke yake kwa uamuzi wa wote.

Watengenezaji wadogo wa vitu vya watoto huko Marekani walipata taabu ya namna nyingine. Sheria ya usalama ya mwaka 2008 iliwataka wapimishe bidhaa zao kama viwanda vikubwa, kwa gharama ambayo mtu wa cherehani moja asingeiweza. Walijiunga pamoja wakapaza sauti, na mwaka 2011 sheria ikarekebishwa ili kuwapunguzia mzigo wazalishaji wadogo. Sisi bado hatujaguswa na jambo la namna hiyo, lakini afadhali kanuni zetu tuziandike wenyewe kabla hatujaandikiwa na mtu asiyejua bei ya uzi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo mawili. Kwanza, vyama vyote wanachama vyenye washonaji vikubaliane juu ya orodha moja ya vitu ambavyo havitashonwa kwa ajili ya watoto wachanga, ili mteja akikataliwa kwetu asivipate kwa jirani yetu mwenye lebo ya Muungano huu huu. Pili, kurasa za biashara na laini za simu ziingizwe katika daftari la mali za chama na zikaguliwe pamoja na mali nyingine.

Daftari la oda nimekuja nalo. Kurasa zake za kwanza zina nafasi tano zilizo wazi, nimeziacha vivyo hivyo. Litakuwa juu ya meza wakati wa chai kwa anayetaka kuliangalia, na maswali nitayajibu hapo hapo.