Goti Halina Njia ya Mkato

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo la manufaa kwa vijana. Bila shaka mlitazamia niseme juu ya utumishi wa Serikali. Naomba radhi. Nitasema juu ya goti langu la kushoto.

Wengi mnanikumbuka kwa baiskeli. Nilifika hapa kidato cha kwanza nikiendesha Swala ya baba, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira. Kwetu Usukumani baiskeli si mchezo. Imebeba pamba, maji, wagonjwa na maharusi. Na hapa Shinyanga, kabla bodaboda hazijaenea, ndiyo iliyoitwa daladala. Nilipotoka Chuo Kikuu nikaajiriwa na kupelekwa upande wa Geita, nilinunua baiskeli ya milimani, yenye gia nyingi na matairi mapana. Siku za mapumziko nilipanda nayo vilima kwa vijia vya wachimbaji wadogo.

Jumapili moja ya masika, nikiteremka kwa kasi, gurudumu la mbele liliingia katika shimo la zamani la watafuta dhahabu lililofunikwa na majani. Mwili ulizunguka kulia. Mguu wa kushoto ulibaki umekanyaga chini. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjika. Kabla jua halijatua goti lilikuwa kama boga.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Katikati ya goti zipo kano mbili zinazopishana kama herufi X. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na hulilinda goti mwili unapogeuka ghafla. Hiyo ndiyo iliyokatika. Pembeni mwake kuna vipande viwili vya gegedu, umbo la mwezi mchanga, vinavyopokea uzito wa mwili. Vyangu vilikuwa vizima.

Nilidhani nitapasuliwa kesho yake. Sivyo. Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walitangaza matokeo ya utafiti wa watu wazima vijana 121 waliokatika kano hiyo. Baadhi walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi. Wengine walianza na mazoezi peke yake, wakaachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye ikihitajika. Baada ya miaka miwili hali zao zililingana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa. Kwa hiyo nami nikaambiwa nianze na mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayana sifa yoyote. Kukaza paja na kulegeza. Kuinua mguu ulionyooka. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Nilisimamisha Phoenix ya jirani kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likiwa hewani, nikaiegemeza ukutani, nikapandisha kiti ili goti lisikunjike sana, nikapiga pedali bila kwenda popote. Watoto wa mtaani walikuja kutazama mtumishi wa Serikali anayesafiri bila kuondoka uani.

Mwezi wa tatu maumivu yalikwisha. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikwishaambiwa kwamba kukoma kwa maumivu si kupona, kwamba paja langu bado lilikuwa jembamba kuliko la pili. Sikujali. Walipokuja wageni nikawaongoza kilimani. Kwenye kona ya kwanza ya mchanga goti lilifyatuka, na safari hii gegedu lilichanika. Nikapasuliwa, kano mpya ikatengenezwa kwa kipande cha mshipa wa nyuma ya paja langu mwenyewe.

Nikaanza upya. Nilinunua mkanda wa fundi cherehani, nikawa napima mapaja yote mawili kila Jumamosi. Tofauti ilikuwa sentimita nne. Ilichukua miezi kumi kubaki nusu sentimita.

Katika chumba cha mazoezi nilikutana na kijana aliyeumia kama mimi. Yeye alikuwa akipandisha viroba vya mawe kutoka kwenye duara. Alikuja mara mbili, kisha hakuonekana tena. Nilimkuta baadaye katika soko la Katoro, anachechemea, kiroba begani. Nikamkaripia kama mkubwa anavyomkaripia mdogo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kaka, goti lako linalipwa mshahara hata likilala. Langu lisipoinama leo, watoto hawali."

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa na bima ya afya, likizo ya ugonjwa na ukuta wa kuegemezea Phoenix. Yeye alikosa nauli. Nami niliyekuwa na kila kitu ndiye niliyekwenda kuliharibu goti kwa kujionyesha mbele ya wageni.

Ndugu zangu, nina maombi matatu. Wanafunzi: goti likivimba, usirudi uwanjani kwa sababu darasa lenu linafungwa. Walimu wetu: mtoto anayesema goti linamlegea kwenye mchakamchaka msimwite mvivu kabla hajapimwa. Nasi wahitimu: tuna baiskeli kuukuu zinazooza stoo. Tutengeneze mbili, tuzifunge imara kwenye stendi hapa shuleni, zitumiwe na wanafunzi walioumia na majirani zetu pia. Tena katika mchango wa mwaka huu tutenge fungu la nauli kwa wale ambao daktari amewataka warudi. Mimi nimekwisha kumkabidhi mtunza hazina sehemu yangu.

Mtaniuliza kama bado naendesha. Naendesha, kila Jumamosi alfajiri, barabara ya lami. Kilima kile nakitazama kwa mbali. Kijana wa Katoro alihama machimbo, nami nimemtafuta bila kumpata. Kama yupo kati yenu anayemfahamu, amwambie nauli ipo.