Taa Ziwani na Mzigo Kichwani

Masomo yetu ya leo ni mawili, nayo yatoka katika Injili: Yohana 8, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 12, na Mathayo 11, mstari wa 28 hadi wa 30. Mwenye Biblia karibu na aifungue.

Katika somo la Yohana, Bwana Yesu asema kwamba yeye ndiye anayewamulikia watu wote wa dunia. Katika somo la Mathayo awaita waliochoka, na kuwaahidi kwamba mzigo atakaowatwika yeye hautawalemea. Kwa Kiswahili mambo haya mawili hayawezi kuchanganyika, kwa maana nuru ni nuru na wepesi ni wepesi. Kwa Kijaluo pia yako mbalimbali: nuru ni “ler”, na kitu kisicho kizito ni “mayot”. Lakini mtoto wa shule asomaye Biblia ya Kiingereza hukuta neno moja tu mahali pote pawili, nalo ni “light”. Twaweza kumsikia akiuliza: Je, Yesu ni taa, au ni kitu chepesi?

Swali hilo si la kuchekwa. Wanaochunguza lugha watueleza kwamba hapo zamani yalikuwa maneno mawili yenye asili mbili, hata yakafanana kwa sauti na kwa maandishi. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, wangali wakiyatenga: nuru huiita “Licht”, na kitu chepesi “leicht”. Waingereza wameyavika maneno yote mawili kanzu moja. Wala sisi tusiwashangae, kwa maana nasi tuna kaa la moto, tuna kaa wa baharini, na mgeni akifika twamwambia kaa kitako.

Hebu tulifuate neno hili kidogo. Mtu akiwasha kibiriti, Waingereza hutumia “light”. Chakula kisichoshibisha sana ni “light”, na usingizi wa mang’amung’amu ni “light”. Vijana wetu nao husema fulani ni “light”, maana yake ana ngozi ya maji ya kunde, na wengine hununua mafuta yenye zebaki ili wapate kuitwa hivyo, wakaharibu ngozi na figo walizopewa na Mungu.

Tena, katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, pale Roho alipomshukia Yesu mtoni Yordani kwa mfano wa hua, Mathayo 3:16, tendo la kutua limeandikwa kwa neno lilo hilo. Maana hii imetoka upande wa wepesi, kwa kuwa mtu ashukaye juu ya farasi humpunguzia mnyama uzito. Na Kiswahili chetu chajua jambo hili, maana ndege hutua mtini, na mchukuzi naye hutua mzigo.

Maana moja yabaki, nayo si njema. Katika Biblia hiyo hiyo ya mwaka 1611, wale walioalikwa kwenye arusi ya mwana wa mfalme, Mathayo 22:5, wasemwa kwamba waliufanya mwaliko ule kuwa “light”. Yaani waliuona kitu chepesi, wakaudharau, kila mtu akaenda kwenye shughuli zake.

Sasa, ndugu wapenzi, tuyachukue maneno haya mpaka Luanda Kotieno, huko Rarieda katika Siaya, mahali ambapo feri ya Mbita hutia gati. Wale mlioko ufuoni hapo mwajua jinsi ziwa linavyokuwa usiku usio na mbalamwezi. Taa za wavuvi wa omena huenea juu ya maji kama taa za mji mkubwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Wadudu huifuata taa, omena nao hukusanyika chini yake, kisha nyavu huwazunguka. Ndiyo sababu mwezi ukiwa mpevu omena hupatikana kwa shida, maana taa ya mvuvi haina nguvu mbele ya mbalamwezi.

Kazi hiyo ni halali. Mitume wa kwanza walikuwa wavuvi, nao walikesha majini kama ninyi. Lakini samaki yule mdogo atufundisha neno moja: si kila nuru inayovuta huleta uzima. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 11:14, awaonya Wakristo kwamba hata Shetani hujifanya malaika mwenye kung’aa.

Kulipopambazuka, mashua hurudi, na akina mama huwa wanangoja na mabeseni yao. Mama hununua omena, huwaanika juani, huwabeba sokoni, na kwa kazi hiyo watoto hupata karo na unga. Mzigo ulio kichwani mwake kila mtu auona. Lakini kuna mzigo wa pili usiopimwa kwa debe. Katika fuo nyingi za ziwa letu, samaki wakiwa haba, mama huambiwa kwamba fedha zake pekee hazitoshi. Ni sharti autoe na mwili wake, ndipo awekewe samaki. Desturi hii mwaijua kwa jina, huitwa jaboya. Twaitaja hapa kwa huzuni, kwa sababu kunyamaza kumekuwa ni sehemu ya dhambi yenyewe.

Watu husemaje juu yake? Husema, “Hayo ni mambo ya ufuoni tu.” Husema, “Ni biashara.” Wamelifanya jambo zito kuwa jepesi, kama wale walioudharau mwaliko wa mfalme. Lakini Siaya na Homa Bay, kaunti zinazotazamana hapo penye feri, zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na UKIMWI katika Kenya nzima. Nyumba za bibi waleao wajukuu zashuhudia uzito wa jambo lililoitwa jepesi.

Basi turudi kwenye Yohana 8. Ni lini Bwana Yesu alitamka neno lile la nuru? Lafuata mara tu baada ya habari ya mwanamke aliyeletwa mbele yake kwa kosa la uzinzi. Aliletwa peke yake; mwanamume hakuletwa. Wale wakuu walikuwa na nuru ya namna yao, kama tochi ya askari. Ilimmulika mwanamke tu, ikamwonyesha kwa watu, wala haikumpunguzia chochote. Nasi katika makanisa yetu mara ngapi tumeishika tochi ya namna hiyo? Mama ametengwa na meza ya Bwana, na mwenye mashua amekaa kiti cha mbele akipokewa sadaka yake.

Nuru ya Kristo ilifanya vingine. Kwanza iliwamulika wenye mawe, nao wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Kisha ilimgeukia yule mama. Haikusema kwamba dhambi yake ni kitu chepesi, alikatazwa asiirudie. Lakini mzigo wa hukumu alitua pale pale, akaenda zake akiwa hai. Hivyo yule mtoto wa shule apata jibu lake. Waingereza waliyachanganya maneno kwa sauti tu, lakini ndani ya Bwana wetu mambo yale mawili hukutana kweli. Amulikapo, hutua mtu mzigo. Nuru isiyompunguzia aliyelemewa uzito wowote haijawa nuru ya Kristo.

Yatupasa kufanya nini? Mwenye mashua usikiaye sasa, uza samaki wako kwa fedha, kwa bei moja kwa kila mama, na mbele ya macho ya watu. Kama umeokoka, wokovu wako na uonekane hapo penye mashua kabla ya kuonekana kwaya ikiimba. Wazee wa kanisa, waulizeni wanaume kama mnavyowauliza wanawake. Na ninyi akina mama, tieni nguvu zenu pamoja. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, karibu na Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe, ili wasimpigie mwanamume yeyote magoti kwa ajili ya samaki. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwatesa sana, lakini walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mlango upo. Ushirika wenye akiba ndogo waweza kuanzia hapo, kwa mkopo wa kikundi, tukitimiza agizo la Wagalatia 6:2 la kusaidiana mizigo.

Na wewe dada ambaye umeubeba mzigo huu gizani, ukidhani Mungu amekuona ukachukiza, lisome tena somo letu la leo. Yeye akuonaye ndiye akuitaye upumzike.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, utumulike sisi sote, wenye mawe na wenye mizigo. Utuondolee wepesi wa kudharau, utupe wepesi wa kusamehewa. Walinde walio majini usiku huu, na wanaowangoja ufuoni. Amina.